Pua ya Mama

Juni 9
Nimefika Lungsamba, malishoni kwa Mama, saa nane mchana, nimelowa mpaka kwenye mifupa, ruba wawili wamening'ang'ania kifundoni. Mama alikuwa uani anafunga ndama. Alinitazama kuanzia chini, akasema viatu hivyo ni vya kwendea harusini, kisha akaendelea kufunga ndama.

Ndani ya kibanda harufu ndiyo iliyonipokea. Somari. Mtungi uko palepale kando ya meko, umefunikwa ubao na jiwe juu yake, kama ulivyokuwa nilipokuwa mtoto. Mtu asiyeijua somari ningemweleza hivi: chukua mgando wa maziwa yaliyokwisha kusukwa, uuzibe gizani wiki kadhaa, uusahau. Ukifungua utakutana na beberu, na soksi za mpagazi aliyetembea siku kumi, na kitu kingine kinachochoma mpaka machozi yatoke. Miaka mingi mjini imenifanya laini. Pua yangu ilijikunja kama konokono aliyeguswa.

Lakini mate yalinijaa mdomoni. Pua inakataa, mdomo unaitika. Sikulitegemea hilo.

Juni 10
Mvua.

Juni 11
Mvua. Nimemkamua ng'ombe wetu Karmu akanipiga teke la paja. Mama amecheka, mara ya kwanza tangu nije.

Juni 12
Niandike kwa nini niko hapa, nisije nikajidanganya baadaye. Kila masika kaka yangu Urken ndiye aliyekuwa akipanda huku kumsaidia Mama na zomo wake sita, wale majike wa mseto wa yaki na ng'ombe. Mwezi wa tatu Urken alikwenda Korea kufanya kazi kiwandani. Ofisi yetu ya watalii Kathmandu haina wageni wakati wa mvua, kwa hiyo mkuu wangu hakuona taabu kuniruhusu. Mimi na Urken tumepatana kwa simu: nikae na Mama msimu huu, na hadi kufika Septemba niwe nimemshawishi auze zomo wote aje kukaa kwangu mjini. Ana miaka sitini na tisa. Baba alifariki miaka minane iliyopita. Mwaka jana homa ile iliyozunguka dunia nzima ilimlaza mwezi mzima.

Mama hajaambiwa. Anadhani nimekuja kwa sababu namkumbuka.

Juni 14
Jioni alipika mchuzi wa somari na pilipili, na chapati za viazi vilivyosagwa kwenye jiwe. Nilipopata bakuli langu nilibana pua kwa vidole viwili, kama mtoto anayenyweshwa dawa, nikameza. Nilidhani Mama anatazama moto. Kumbe ananitazama mimi. Nikashindwa kula tena.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja waliponipeleka shule ya bweni Kathmandu. Mwezi wa pili Mama alikuja kuniona. Alitembea siku nne kwa miguu, kisha akapanda basi, na katika shali yake alikuwa amebeba kopo la somari, maana alijua nitakuwa nimeikosa. Mlezi wa bweni alilifungua mlangoni. Akaliinua juu akauliza uozo huu ni wa nani. Wasichana wote wakafunika pua na kucheka. Nami nikafunika pua. Nikasema, "Sijui." Mama alikuwa amesimama hatua tano nyuma ya mlezi.

Alinipa kitambaa cha kichwa alichoniletea, akanishika shavu, akaondoka. Hatujawahi kulitaja jambo hilo.

Juni 15
Ukungu mzito. Ng'ombe wanasikika, hawaonekani.

Juni 19
Maziwa yamefurika motoni leo. Mama alikuwa amekaa karibu nayo kuliko mimi, ameyapa mgongo, anachambua sufu. Yalipomwagika juu ya makaa harufu ya kuungua ilijaa chumba kizima, nikakimbia kutoka uani nilikokuwa nikipasua kuni. Yeye bado anachambua sufu.

Tulipokuwa watoto, tone moja likiungua mekoni lilikuwa janga. Mungu wa meko hukasirishwa na harufu mbaya. Mama aliruka, akatupia makaani tawi la mreteni, akaomba radhi kwa moshi wake, akatugombeza hadi siku ya tatu. Leo nilipomwonyesha, alishtuka, akasema, "Ah, kumbe," akafuta kwa kitambaa. Mreteni nimeutia mimi.

Juni 20
Mvua. Viazi.

Juni 23
Mzee Gelbu alikuja. Kibanda chake kiko ng'ambo ya kijito, na tangu Baba akiwa hai yeye na Mama wanagombania majani ya upande huu. Alikuwa rafiki wa Baba, hivyo anamwita Mama shemeji, naye Mama anamwita mwizi wa nyasi. Alileta uyoga kwenye kofia yake.

"Shemeji, zomo wako wamenenepa kwa majani yangu," alisema.

"Na wewe umekonda kwa uongo wako," Mama akamjibu, akamkaribisha akae.

Alimpa mchuzi. Gelbu alikula polepole, polepole mno, akageuza kila kijiko mdomoni. Kisha akatazama mtungi, akamtazama Mama, akauliza somari ameitia chumvi lini. Mama akasema mwanamume asiyejua kusuka maziwa asimuulize maswali ya mtungi. Wakacheka, lakini macho ya Gelbu hayakucheka. Alipotoka nilimwona anawatazama zomo wetu mmoja mmoja. Anawatamani. Anasubiri Mama achoke.

Juni 24
Nimeuliza kuhusu Gelbu. Mama kasema: "Muache, ana upweke." Mkewe amekufa, watoto wako Amerika.

Juni 27
Cheche iliruka ikatua kwenye shali ya Mama. Sufu ikiungua hunuka vibaya kuliko kitu chochote ninachokijua. Shimo lilifika ukubwa wa kiganja kabla sijamwagia maji, naye akanifokea kwa nini namlowesha.

Na siagi aliyonipa leo kwenye chai ilikuwa chungu, imechacha, ya kupaka viatu. Yeye kainywa yote.

Nimepanda mpaka kwenye kilima chenye mtandao nikampigia Urken. Nikamwambia Mama anasahau mambo, akili inamtoka. Urken akasema tusingoje Septemba. Kuna mnunuzi bonde la chini anayetafuta zomo wa maziwa, atamtafuta. Niliporudi Mama alikuwa ameniwekea ugali wa shayiri, katikati yake kishimo cha siagi, kama alivyoniwekea nilipokuwa na miaka mitano. Siagi ilikuwa ileile chungu. Nikala.

Julai 2
Mvua.

Julai 3
Mvua. Paa linavuja upande wa meko. Mama amesukuma mbao juu kwa fimbo.

Julai 5
Jua kwa saa moja. Tukaanika kila kitu hata sisi wenyewe. Mama alinichana nywele akiimba wimbo wa kukamulia, ule ambao zomo wakiusikia huachia maziwa. Niliusahau kabisa, na ghafla nikajua ubeti unaofuata. Nilikuwa na umri wa miaka sita, natembea nyuma yake na kindoo changu, na sketi yake ilikuwa inanukia moshi na maziwa na hiyohiyo somari, nami niliona hiyo ndiyo harufu ya dunia. Hakuna aliyeniambia bado kwamba inanuka.

Julai 10
Kesho kutwa ni sadaka ya malisho. Vibanda vyote vitano hukutana, mtawa hupanda kutoka kijijini, na mchuzi wa somari hutoka kwenye mtungi wa Mama. Imekuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Watu husema juu ya Mama: somari ya Chokpa haina mwenzake milima hii.

Alifungua mtungi mkubwa mbele yangu akauliza, kama anayeuliza kuhusu hali ya hewa, "Unaonaje?" Niliinama kidogo tu. Uvundo ulinipiga kama kawaida, lakini chini yake kulikuwa na kitu kama utamu, kama maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chupa. Nikafikiri: mimi ninajua nini? Kwangu yote ni uvundo. Nikasema, "Iko sawa, Mama."

Julai 12
Nitaandika yote, maana sitalala nisipoyaandika, na bado ni alasiri.

Asubuhi ukungu uliinuka, watu wakaja na watoto na mbwa. Mtawa alisoma, tukachoma mreteni, tukatupa unga wa shayiri hewani mpaka nyusi zetu zikawa nyeupe. Kisha sufuria kubwa ikawekwa juu ya mafiga nje, Mama akatia somari mwenyewe, vijiko vikubwa saba, na kitunguu na pilipili. Alivaa aproni yake ya mistari ya sikukuu. Alisimama pale na mwiko wake, mdogo, kanyooka, watu wamepanga mstari na mabakuli, na nikaona kwamba siku hii moja ndiyo anayoisubiri mwaka mzima.

Mchuzi ulipoanza kuchemka niliona watu wawili wanatazamana. Mke wa kibanda cha juu alifunika bakuli lake kwa mkono. Nani atamwambia Chokpa?

Gelbu alikuwa nyuma kabisa. Alikuja mbele kwa haraka, akisema moto ni mdogo, moto ni mdogo, watu wana njaa, akainama kusogeza kuni, na goti lake likagonga sufuria. Ikapinduka yote. Mchuzi ukakimbia kwenye nyasi mpaka kijitoni. Mguu wake mmoja uliungua, nikauona unavyobadilika rangi.

Mama alimpiga kwa mwiko begani. Alimwita mzee kipofu, ng'ombe asiye na pembe, mtu ambaye mkewe alikufa ili apumzike. Gelbu aliinamisha kichwa akasema, "Kweli, shemeji. Nimekuharibia siku. Nimezeeka." Wakaja watu na viazi na maziwa mgando, tukala hivyo, na Mama akaingia ndani hakutoka tena.

Niliokota mwiko. Ulikuwa bado na mchuzi. Nikaunusa vizuri, kwa mara ya kwanza bila kujikunja. Ule utamu ulikuwa pale, mkubwa sasa, wa kitu kilichokufa. Na mimi niliusikia kabla ya wote nikasema iko sawa.

Julai 13
Nilimpelekea Gelbu dawa ya kuungua. Amekaa mlangoni, mguu juu ya gogo, umefungwa majani. Nilimwambia najua alifanya makusudi.

Alisema maji ya mvua yaliingia mtungini, bila shaka, paa lile linavuja, na somari ikiingiwa na maji hufa, nayo iliyokufa humlaza mtu na kuhara kwa wiki, na kulikuwa na watoto. Kisha akasema:

"Mama yako hasikii harufu, Yangzum. Tangu ile homa. Hasikii moshi, hasikii mavi, hasikii kitu."

Nikauliza amejuaje. Akasema siku moja kabla mvua hazijaanza alimkuta amekaa na koti la marehemu Baba, amejifunika nalo usoni, anavuta pumzi, anavuta pumzi, kama mtu anayezama. Akarudi nyuma kimyakimya asije akaonekana. Baadaye akaanza kuonja somari yake kila wiki ili ajue kama iko salama. Ndiyo maana ya zile ziara zote, na ule uyoga.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Chokpa ana kitu gani kingine? Mwenzake amekwenda, wanawe wamekwenda. Ana pua. Watu wanapanda milima kwa ajili ya pua yake. Nikamwambie nini, shemeji, najua umepofuka puani?"

Nilimfunga mguu. Mimi ndiye niliyeandika humu kwamba anatamani zomo.

Julai 14
Nilingoja tulipokuwa tunakamua, kila mtu ameegemea ubavu wa mnyama wake, tusionane nyuso. Nikasema, "Mama, najua kuhusu pua."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Kisha alisema Gelbu ana mdomo mrefu. Nikamwambia Gelbu ana mguu ulioungua kwa ajili yake, nikamweleza yote: maji mtungini, watoto, goti. Ndoo ikanyamaza.

Alisema mwanzoni alidhani ni mafua. Alingoja theluji iyeyuke, akangoja maua, akangoja mvua ya kwanza inukie vumbi. Chakula kimekuwa udongo: anasikia chumvi, anasikia ukali wa pilipili, basi. Alikuwa anapika kwa kukumbuka, akihesabu siku kwa vidole, na siku hazitoshi, maana kila mwaka maziwa yana tabia yake. "Ninaishi na watu walionipa mgongo," alisema. "Zomo, moto, nguo zangu, baba yenu. Wote wapo, na hakuna anayenisemesha."

Nikakumbuka nilivyobana pua mbele yake, mwezi uliopita. Ladha ile niliyomeza kwa makusudi, ya chumvi na moto tupu, ndiyo anayokula yeye kila siku. Nikamwomba radhi. Akasema hilo si kitu. Kisha nikasema ninaomba radhi kwa lile la bweni pia. Ilinitoka tu. Miaka thelathini ilikaa kooni, ikatoka ubavuni mwa ng'ombe.

Mama alisema, "Nilikuwa nimechoka siku ile. Nilitamani tu kukaa kidogo, na hakukuwa na kiti." Akaendelea kukamua. Baada ya muda akaongeza: "Ulikuwa mtoto. Walikufundisha kwamba inanuka, wewe ukajifunza haraka. Ulikuwa na akili."

Julai 15
Amevuka kijito peke yake asubuhi, na kibuyu cha siagi mpya. Alikaa kwa Gelbu mpaka adhuhuri. Sikuuliza walichosema. Alirudi akasema nyumba ya mzee yule ni chafu na mguu utapona.

Julai 17
Mtungi mkubwa tumeumwaga mbali na maji, tukausugua kwa majivu na mchanga, tukaufukiza mreteni. Paa nimeliziba mimi. Tumeanza upya.

Julai 21
Mama ananifundisha. Kila asubuhi kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, maana sabuni huidanganya pua. Naondoa ubao, nanusa, namwambia. Yeye anafumba macho ananisikiliza kama daktari.

Leo nilisema: inanuka. Akasema hapana, hilo si neno, sema inanuka kama nini. Nikasema mbwa aliyelowa. Akafurahi. Mbwa aliyelowa ni sawa, ni siku ya nne.

Julai 22
Mbwa.

Julai 23
Mbwa, na mbali kidogo, kama ganda la yai.

Julai 29
Mvua wiki nzima. Nimejifunza kwamba pua ikitishika haisikii kitu, inapiga kelele tu. Mara ya kwanza nikifungua, inapiga kelele: toka, kimbia. Nikisubiri pumzi tatu inanyamaza, na ndipo harufu zinaanza kuja moja moja, kama watu wanaotoka chumbani kwa zamu. Kuna ghala la viazi. Kuna ngozi ya tandiko. Kuna kitu kama karanga mbichi. Mama aliposikia "karanga" alipiga goti lake.

"Bibi yako alisema uyoga mkavu. Mimi nilisema karanga. Sasa tuko wawili."

Nikamwambia mjini kuna watalii wanaonunua jibini ya kizungu yenye kuvu ya kijani, inayonuka kuliko hii, na wanaila kwa heshima, kwenye sahani ndogo, wanafumba macho. Aliuliza kama kuna aliyewacheka bwenini. Tulicheka mpaka Karmu akachungulia mlangoni.

Agosti 3
Nimepanda kilimani nikamwambia Urken ukweli: akili ya Mama ni kali kuliko zetu, ni pua. Alilia. Nikamwambia amsimamishe mnunuzi.

Agosti 8
Leo ilichoma macho. Mama: "Usiifunge kwa hofu. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakamwaga. Ingoje ivuke."

Agosti 12
Imevuka. Sijui niandikeje. Ule ukali umeingia ndani, umekuwa mviringo. Niliinama juu ya mtungi na nilikuwa na miaka sita, natembea nyuma ya sketi. Nikasema, "Mama, hainuki. Inanukia."

Alikaa chini. Aliniambia nirudie.

Agosti 13
Tuliwaita watu wa vibanda vyote. Mama alisimama mbele ya sufuria akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuitia ndama, kwamba pua yake imekufa tangu mwaka jana, kwamba mchuzi wa sadaka ulikuwa mbovu, na kwamba Gelbu aliumwaga kwa makusudi lakini yeye Mama akamtukania mke aliye kaburini. "Huu wa leo kaunusa binti yangu. Mkifa, mlaumuni yeye."

Watu walikula. Mke wa kibanda cha juu aliongeza mara mbili. Gelbu alinusa kwanza, muda mrefu, kwa ajili ya kuniudhi, kisha akasema ina chumvi kidogo mno, na akamaliza bakuli. Mimi nilikula pua wazi. Kulikuwa na moshi, maziwa, kitu kikali na kitu chenye huruma, na nilipomaliza nililamba kidole.

Mama alikula pia. Aliniuliza, taratibu, watu wasisikie: "Ikoje?" Nikamwelezea kila kijiko, na yeye anatafuna.

Agosti 17
Maua ya manjano bonde zima. Siagi imekuwa ya manjano.

Agosti 22
Nimekuwa nikipanga kimoyomoyo. Nitakuja kila masika. Ofisi itaelewa. Zomo wabaki, mtungi ubaki, mimi niwe pua, Mama awe mikono. Nimechora hata jinsi ya kulitengeneza paa. Nimelala na furaha ambayo sikuwa nayo tangu utotoni.

Agosti 26
Nilimwambia leo tukiwa tunasuka maziwa. Nilikiri yote, hata mpango wa kuuza niliokuja nao, nikasema nimeubadilisha, hatutauza kamwe.

Mama hakuacha kusuka. Aliuliza, "Kathmandu kwako maji ya moto yanatoka ukutani?"

Nikasema ndiyo.

"Na kuna jua juu ya dari?"

Nikasema majira ya baridi tunakaa huko mchana kutwa.

"Basi mimi nakuja," alisema. "Wauzwe."

Nilibishana naye. Nikasema somari, sadaka, jina lake, mlima, Baba. Nikasema mimi nimeipata tu sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Wewe umekuja miezi mitatu, ukaikuta harufu ya utoto wako. Nimefurahi, mwanangu. Lakini wakati wewe unanusa, mimi nilikuwa nabeba. Tangu nina miaka tisa nabeba. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kumwachia mtungi, nisiondoke kama mwizi. Mtungi umeushika. Sasa unataka kunifunga na mkia wa ng'ombe kwa sababu wewe umekumbuka?"

Nilikuwa nimedhani ukaidi wake ni mapenzi. Ulikuwa aibu tu, na ilipoondoka ile aibu, hakukuwa na kilichomshika.

Agosti 27
Nimekasirika siku nzima. Nimepasua kuni za wiki mbili.

Agosti 29
Hasira imekwisha. Nilimtazama akiteremka kijitoni na ndoo, akishikilia mawe kwa mkono, hatua kwa hatua. Nimemtazama msimu wote na sikuiona mikono ile.

Septemba 2
Zomo watakwenda kwa Gelbu, na mtungi pamoja nao. Alikuja kusema mwenyewe, amevaa kofia safi. Mama alimwambia mwizi wa nyasi hatimaye ameiba ng'ombe pia. Gelbu ameahidi kwamba Karmu hatauzwa kwa mtu mwingine mpaka afe. Mimi nitapanda kwake kila masika, wiki mbili za likizo, nimnusie mtungi. Akasema pua yake yeye inatosha. Nikasema pua yake inasema kila kitu kina chumvi kidogo.

Septemba 5
Baridi. Maji ya ndoo yameganda juu.

Septemba 7
Tumewapeleka. Mama alitembea mbele akiimba wimbo wa kukamulia, nao wakamfuata mpaka ng'ambo, wote sita, bila kupigwa fimbo. Aliwafunga mmoja mmoja kwa Gelbu. Karmu alimlamba mkono, chumvi ya jasho. Mama aliweka uso wake shingoni mwa mnyama akabaki pale muda mrefu, nikageuka nikajifanya natazama mlima.

Tuliporudi ua ulikuwa mtupu, kamba zimelala chini. Nilitegemea alie. Alisema miguu inamuuma, akavua viatu.

Septemba 8
Kesho tunashuka. Hakuna wa kukamua, kwa hiyo nilichelewa kuamka, na nilipotoka jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mama yuko nje juu ya mkeka, amelala. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona amelala mchana. Amelala chali, mdomo wazi, mikono imefunguka ubavuni, viganja juu. Nimekaa mlangoni na daftari hili. Kila mbwa wa Gelbu anapokaribia kijito, ninainuka na kumfukuza kimyakimya, asije akambwekea.